ArcMap, QGIS na nyumba za Majengo: tulivyoamua ofisini kwetu

Esri, kampuni inayotengeneza ArcMap, programu ya kompyuta ya kuchorea ramani, walitangaza mapema kwamba tarehe 1 Machi 2026 ndiyo mwisho wake. Programu yenyewe haizimiki. Aliye nayo ataendelea kuiwasha na kufungua kazi zake. Kinachokoma ni matunzo. Hakuna toleo jingine baada ya 10.8.2 la Desemba 2021, kasoro hazizibwi tena, na ukikwama huna wa kumuuliza. Tangu habari hiyo ienee, wenzangu wa kazi hii ya kupima ardhi na kuchora ramani hapa Pwani wananiuliza swali lile lile: tuhame au tukae? Nimeona niandike jibu letu lote mahali pamoja, kwa sababu maelezo mengi niliyoyasoma yameandikiwa mashirika makubwa yenye idara nzima ya kompyuta. Sisi ni ofisi ndogo ghorofani, karibu na Barabara ya Digo, Mombasa, na kila shilingi inayoingia tunajua imetoka kwa nani.

Yupo mpimaji ardhi mwenye leseni, ambaye sote twamwita Mzee. Wapo vijana wanaotoka naye na GPS na mapanga ya kufyekea. Na nipo mimi ninayechora. Kazi nyingi ni za kawaida: kugawa ploti, kutafuta bikoni (mawe ya mpaka) zilizofukiwa au kung'olewa, kuandaa plani za maombi. Lakini kazi iliyonifanya nikatae kuharakishwa katika jambo hili ni ramani za nyumba bila ardhi.

Kwa asiyekaa Pwani, nieleze kidogo. Majengo, na sehemu za Kisauni, Likoni na Changamwe, mtu anaweza kuwa na nyumba yake halali, ambayo babake aliijenga kwa udongo na makuti na yeye akaja kuisimamisha upya kwa mawe na mabati, ilhali ardhi iliyo chini yake ni ya mtu mwingine. Mwenye nyumba humlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Nyumba huuzwa, hurithiwa, vyumba hupangishwa, na bado ardhi si yake. Ikifika siku mwenye ardhi anataka kuuza, au wakaaji wamejikusanya wainunue wao, kinachotandikwa mezani ni ramani: kila paa, kila kichochoro, kisima, msikiti, na jina la mwenye kila nyumba limeandikwa juu ya paa lake. Watu huitazama ramani hiyo kabla hawajasikiliza neno la wakili. Nimewaona wazee wakilitafuta jina lao kwa kidole, taratibu, nyumba baada ya nyumba. Jina likikosekana, au likiangukia paa la jirani, kikao hakiendelei.

Ramani hizo zote nimezichora kwa ArcMap, kwa miaka mingi. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema "pakua programu mpya uendelee na maisha", naona hajui anachokisema.

Hata hivyo kukaa tulikokuwa kulikuwa hakuwezekani. Kompyuta yetu kubwa ilikuwa ya Windows 7, ambayo Microsoft waliacha kuitunza Januari 2020. ArcMap nayo ni programu ya biti 32: hata ukiijaza kompyuta memori, yenyewe haiwezi kugusa zaidi ya gigabaiti 4. Zamani hilo halikutusumbua. Siku hizi wateja wanatuletea picha za droni za mtaa mzima, ukivuta karibu kioo kinaganda, kisha programu inajifunga yenyewe. Na hewa ya chumvi ya mji huu haivihurumii vyuma. Fundi wetu wa Mwembe Tayari alipoifungua kompyuta ile mara ya mwisho alinionyesha ukungu wa kijani kwenye miguu ya vipande vya bodi. "Mama, bodi ya aina hii sipati tena," akaniambia. "Ikifa hii, ndiyo imekufa."

Njia zilikuwa tatu. Tubaki na ArcMap kwenye mashine nyingine. Tupande ArcGIS Pro, ambayo ndiyo Esri wenyewe wameitoa tangu 2015 ichukue nafasi ya ArcMap. Au twende QGIS, programu ya bure isiyo ya Esri.

Niseme wazi kwamba Pro ni programu nzuri. Ni ya biti 64, haikohoi kwa picha za droni, na faili zako za mxd, zile ambazo ArcMap huhifadhia mpangilio wa ramani, inaziingiza na kuzipanga bila kukusumbua sana. Mtu aliye kwenye taasisi inayolipiwa leseni, aende huko bila wasiwasi. Kwetu ilikwama mahali pawili. La kwanza ni pesa. Leseni hulipiwa kila mwaka, na bei yake imefungwa kwenye dola. Mnakumbuka Januari 2024 dola ilivyofika karibu shilingi 160, kisha baadaye mwaka huo huo ikashuka hadi karibu 129. Mteja wetu wa Likoni hulipa kidogo kidogo, mwezi huu elfu mbili, mwezi ujao hana. Huwezi kupanga gharama ya dola juu ya mapato ya namna hiyo. Mzee aliuliza swali moja tu: "Mwaka tukikosa kulipa, hizi ramani za watu zitafunguliwa na nani?" Faili zingebaki kwetu, naam, lakini programu ya kuzifungulia ingekuwa imefungwa.

La pili ni la kiufundi, na sioni likizungumzwa vya kutosha. Kazi zetu nyingi za miaka ya nyuma zimo kwenye jiodatabesi binafsi, yaani hifadhi za data za ramani, zile faili za .mdb ambazo ndani yake ni Access ya Microsoft. Pro haizisomi ramani zilizomo. Haitoi onyo wala haiombi ruhusa, haizioni tu. Kwa njia ya Esri wenyewe, ili uzipeleke Pro lazima kwanza uzitoe kwa kutumia ArcMap yenyewe, uziweke kwenye jiodatabesi ya faili. Maana yake, yule anayekwambia uiache ArcMap anahitaji ArcMap ndiyo akupokee. Ofisi ambayo kompyuta yake ya zamani imeshakufa na .mdb zimebaki kwenye diski peke yake inaweza kujikuta imefungiwa mlango pande zote mbili. QGIS huzisoma faili hizo, mradi kompyuta ina kiunganishi cha Access. Nilipoona orodha ya tabaka zangu za Kisauni (nyumba, njia na mengineyo, kila aina peke yake) imejitokeza kwenye QGIS, na kila moja na jina lake, ndipo nikaanza kuifikiria kwa dhati.

QGIS ilianzishwa na Gary Sherman huko Alaska mwaka 2002, na hutolewa chini ya leseni ya GPL, yaani haimilikiwi na kampuni yoyote na hakuna anayeweza kuja kukufungia. Toleo la 3.0 lilitoka Februari 2018, na kila mwaka hutolewa toleo moja linalotunzwa kwa muda mrefu zaidi. Hilo ndilo la kuweka ofisini, yale mengine waachieni wanaopenda kujaribu. Kwamba ni ya bure kulimpendeza Mzee. Mimi lililonipendeza ni kwamba hata mwenyekiti wa kamati ya wakaaji, akiwa na laptopu ya mwanawe, anaweza kuifungua ramani ya mtaa wake bila kuomba idhini kwetu.

Lakini sikutaka kuhama kwa kupendezwa. Nikasema tuchukue kazi ngumu kuliko zote, tuipitishe, tuone itatoka vipi.

Jambo la kwanza lilikuwa mahali. Ramani za zamani za Kenya, na kazi zetu nyingi zilizozifuata, zimejengwa juu ya datumu (msingi ambao vipimo vyote huanzia) ya Arc 1960, yenye umbo la dunia la Clarke 1880. GPS na picha za setilaiti ziko kwenye WGS84. Zote mbili Mombasa tunaziandika kwa UTM, mfumo wa kutaja mahali kwa mita, kanda ya 37 Kusini, na hapo ndipo penye mtego: namba zinafanana. Ukitazama Fort Jesus, mashariki inaanza na 575, kaskazini inaanza na 955, kwa mifumo yote miwili. Jicho haliwezi kutofautisha. Baadhi ya tabaka zetu za zamani zilikuwa zimepoteza ile faili ndogo ya .prj inayoutaja mfumo, na QGIS ikaziwekea alama ya kuuliza. Kijana aliyekuja kwetu kwa mafunzo ya chuo akaziona namba, akazipa namba ya mfumo 32737, ambayo ni ya WGS84, na kila kitu kikaonekana kimekaa sawa. Ukitazama kwa mbali, kweli kilikuwa sawa.

Nikamwambia, "Vuta karibu, mwanangu. Nitafutie feri."

Akavuta. Nyumba tulizozipima Likoni, karibu na kivuko, zilikuwa zimeingia baharini katikati ya mkondo wa Kilindini. Akahamia kisiwani: ploti za Tudor zilizo ukingoni zilikuwa majini pia, na Fort Jesus imeondoka ufukweni ikaingia ndani ya Mji wa Kale, juu ya paa za watu. Kila kitu kilikuwa kimesogea takriban mita 300 kaskazini, na kidogo magharibi. Hiyo ndiyo tofauti ya Arc 1960 na WGS84 huku kwetu, na hiyo ndiyo ramani ambayo mtu angeipeleka kwenye kikao kwa sababu jedwali lake halina kosa hata moja.

Tukazipa tabaka hizo namba yao halisi, 21037, ya Arc 1960, kisha tukaingia kwenye mpangilio wa mageuzi tukachagua wenyewe yale ya Kenya: kutoa mita 157, kutoa 2, kutoa 299, kwa mihimili mitatu. Yapo ya wastani wa eneo zima, na yapo ya Tanzania. Programu inaweza kukuchagulia lolote ukiiachia. Baada ya hapo Mzee akaleta koodineti za mawe aliyoyakalia kwa GPS mwenyewe, tukayaweka juu. Yalikaa penyewe, kwa kosa la mita chache. Mita chache hizo zinatosha kuonyesha mtaa juu ya picha ya setilaiti. Kwa bikoni hazitoshi hata kidogo, na hilo naliandika kwa herufi nzito popote nipatapo nafasi: mpaka wa mtu huupimi kwa mageuzi ya kompyuta, unarudi kwenye jiwe linalojulikana ukapima kutoka hapo.

Jambo la pili lilikuwa majina, na hili ndilo lililonikosesha usingizi.

Katika ArcMap majina ya wenye nyumba niliyaweka kama anotesheni, maandishi yaliyopandwa kwenye ramani, kila moja limekaa ninapotaka na limeinama kufuata paa. Vichochoro vya Majengo havijanyooka, na nyumba zimeegemeana; ukiandika majina yote yamelala sawa, moja linapanda juu ya jingine. Nilipoifungua tabaka ile kwenye QGIS nilipata visanduku. Mamia ya visanduku vidogo vyenye rangi moja, kila kimoja mahali ambapo palikuwa na jina la mtu, na ndani hamna kitu.

Majina hayakuwa yamepotea. Yalikuwa ndani ya jedwali, safu ya TextString, na pembe ya kila jina ilikuwa kwenye safu ya Angle, na ukubwa kwenye FontSize. Tukaiambia QGIS iandike lebo kutoka safu ya kwanza, izungushe kwa safu ya pili, ipime kwa safu ya tatu. Majina yakatokea, lakini yameinama upande usio wake. Tukaigeuza alama ya pembe, yakakaa. Ipo pia programu-jalizi ya SLYR, ya watu wa North Road, inayosoma mxd na mitindo ya Esri na kuileta QGIS, na kwa aliye na kazi nyingi itamwokolea muda. Sisi tuliyapitia majina kwa jicho. Nilichapisha ramani ya zamani na mpya kwenye karatasi ya A1, tukazitandika mezani, kijana akisoma upande wake nami nikisoma wangu. Kwa kazi nyingine ningesema ni kupoteza muda. Kwa hii, ningeirudia tena kesho.

Na wakati wa kusoma ndipo tulipoliona la tatu, ambalo ni baya kuliko yote mawili kwa sababu halionekani kwenye ramani. Katika jedwali letu la nyumba kuna safu mbili: jina_la_mwenye_nyumba na jina_la_mwenye_ardhi. Kijana alikuwa ametoa nakala kwa shepufaili, aina ya zamani ya faili za ramani, kama wanavyofundishwa, kwa kuwa shepufaili hufunguka kila mahali. Lakini shepufaili ni ya miaka ya 1990 na jedwali lake ni la dBase: jina la safu haliruhusiwi kuzidi herufi 10. Safu ya kwanza ikawa jina_la_mw. Ya pili, kwa kuwa ingekatwa ikawa hivyo hivyo, ikapewa jina_la__1. Mtu anayeipokea faili hiyo atajuaje yupi ni yupi? Mmoja kati yao ana paa, mwingine ana hatimiliki. Kesi ngapi mji huu zimekaa mahakamani kwa tofauti hiyo hiyo?

Tangu hapo shepufaili hatuitumii kuhifadhia. Kila mtaa tunauweka kwenye GeoPackage, faili moja tu ambayo ndani yake ni hifadhidata ya SQLite, iliyopitishwa na OGC, shirika la viwango vya data za ramani, mwaka 2014 kuwa kiwango cha wazi. Majina ya safu yanabaki marefu kama tulivyoyaandika, na huna vipande vinne vitano vya kupotezana njiani kama .shp, .shx, .dbf na .prj. Mteja akitaka shepufaili tunamtolea, lakini safu tunazibadilisha kwanza kwa mkono: nyumba_ya, ardhi_ya. Fupi, na hazikatiki.

La maeneo ni dogo ila wateja hulishika. QGIS ukiiuliza eneo kwa $area hukokotoa juu ya umbo la dunia, wakati ArcMap ilikuwa ikinipa eneo la bapa la UTM. Kwa ploti ya futi hamsini kwa mia, ambayo ni mita za mraba 464.5, tofauti hapa Mombasa ni kama mita ya mraba 0.3. Si kitu shambani, lakini mtu akiwa na jedwali la zamani mkononi na jipya mezani atadhani umempunja. Tumeamua kubaki na eneo la bapa ili namba zifanane na plani za zamani, na tunaliandika hilo pembezoni mwa kila ramani. Skripti zetu za Python 2.7, ambazo zilikuwa zikitengeneza majedwali hayo, tulizitupa; Python hiyo nayo iliachwa Januari 2020, na kazi yenyewe QGIS inaifanya kwa mstari mmoja.

Basi uamuzi ni huu. Kazi zote mpya zinaanzia QGIS. ArcMap imewekwa kwenye mashine moja, imetolewa kwenye intaneti, na haichori tena. Kazi yake ni kufungua .mdb za zamani ili tulinganishe, mpaka ya mwisho itakapotoka. Mtaa hauhesabiwi kuwa umehama mpaka mambo matatu yawe yamepita: mawe ya Mzee yamekaa mahali pake, majina yamesomwa na watu wawili kutoka kwenye karatasi, na mwenye nyumba na mwenye ardhi wako kwenye safu zao. Mzee aliyakubali, akaongeza lake la nne: mwenyekiti wa wakaaji aitiwe aitazame ramani mpya kabla hatujaifuta ya zamani popote. Mwenyekiti wa kwanza aliyekuja, mzee wa makamo ya Mzee, alitutazama tukiisifu programu, akasema, "Mimi nionyesheni nyumba ya marehemu mamangu, hayo mengine mutaongea wenyewe." Tukamwonyesha. Jina la marehemu lilikuwa pale, limeinama na paa. Akauliza kama sasa linaweza kubadilishwa liwe la watoto wote, kwa kuwa mirathi imekwisha. Ndani ya ArcMap hilo lingekuwa kufuta maandishi na kuyapanda upya. Hapa tuliandika majina kwenye jedwali, na ramani ikafuata.

Kwa ofisi zenye .mdb na kompyuta ambayo bado inawaka: msisubiri kuamua programu gani mtaihamia. Fungueni ArcMap wiki hii, toeni kila jiodatabesi binafsi muweke kwenye jiodatabesi ya faili, maana hizo Pro inazisoma na QGIS inazisoma, kisha mweke nakala nje ya jengo. Hilo halifungi mlango wowote. Anotesheni zitoeni pamoja na majedwali yake, msizigeuze kuwa picha. Na kila tabaka isiyo na .prj iandikieni mfumo wake sasa, wakati aliyeichora yuko hai na anakumbuka.

Sisi tumebakiwa na karatasi za Cassini (mfumo wa zamani wa kuchora ramani), zile plani za kale zilizopimwa kwa futi, ambazo kwenye ArcMap tulikuwa tukizilazimisha kwa pointi chache tu. Nimeanza na za Ganjoni. Zikikaa vizuri nitaandika vigezo tulivyotumia, na aliye na za Changamwe tukutane tulinganishe.